Karatasi Iliyo Chini ya Godoro

Baba, sogeza kigoda hapa kivulini. Magoti yangu hayataki tena kunyanyuka, na maneno haya siyawezi kwenye simu.

Mkeo ameniambia habari ya ile karatasi. Usimkasirikie, hakuja kukusengenya. Alikuja analia, amejiziba mdomo kwa kanga. Anasema muuguzi wa kliniki huko kwenu Handeni alimtazama mtoto, akaona miaka mitatu imetimia na maneno hayafiki kumi, akawaandikia rufaa: apimwe masikio, kisha aonwe na mtaalamu wa matamshi. Wewe ukaikunja, ukaisukumia chini ya godoro. Huu mwezi wa nne.

Najua unayojiambia. Babu yake naye alichelewa kusema. Watoto wa kiume ndivyo walivyo. Akianza shule wenzake watamfungua. Yote hayo nimeyasema mimi kabla hujazaliwa, tena kwa sauti kubwa kuliko yako.

Mama yako mdogo humkumbuki. Tulikuwa tunaishi kambini, kwenye shamba la mkonge, baba yetu mkata mkonge. Tangu anatambaa masikio yalimtoka usaha. Tulimdondoshea mafuta, usaha ukikauka tukasema amepona. Alipofika miaka mitatu hasemi, wakasema ni kimeo, akakatwa kimeo, damu ikatoka siku mbili. Wakasema amechezewa, akafukizwa mpaka akakohoa. Mwisho tukachoka, tukamwita Bubu. Tulidhani ni jina la mapenzi. Likamkaa hata lile alilopewa na babu likasahaulika. Siku ya kuandikisha kifo chake tuliulizana sisi kwa sisi, alikuwa anaitwa nani? Na hakuwa bubu, baba. Akiwa peke yake jikoni alikuwa anaimba. Wimbo hauna neno hata moja, lakini mapigo ya ngoma yote yamo.

Sasa nikurudishe kwenye Idi iliyopita. Treni ya Moshi ilipopiga honi pale stesheni, mjukuu wangu alikuwa wa kwanza kukimbilia barazani. Ulifurahi mno. Ukaniambia, mama umeona, masikio yake mazima. Nikanyamaza. Baadaye nilisimama nyuma yake anachezea vifuniko vya soda, nikamwita jina lake taratibu, mara tatu. Hakugeuka. Nikamgusa bega, akageuka, akacheka na meno yake yote.

Kusikia treni ni jambo moja. Kusikia ile s ya sukari na f ya fagio ni jambo jingine, maana hizo ni sauti nyembamba. Mtoto mwenye majimaji nyuma ya ngoma ya sikio anaweza kuupata mlio na neno likamponyoka. Sisemi ndivyo alivyo; mimi si daktari. Pengine masikio ni mazima na tatizo liko kwingine. Usisahau lile degedege la malaria lililomshika wakati wa masika. Kilifi kule Kenya, watafiti waliwafuatilia watoto waliougua malaria kali wakapona, wakakuta usemi wa baadhi yao umebaki na kasoro. Kwa hiyo anapimwa. Hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye karatasi yako, wala si hukumu.

Mbona kwenye malaria hatuna aibu? Hapa hapa Korogwe watoto wa majirani zetu waliingizwa kwenye majaribio ya chanjo ya malaria yaliyoanza 2009, wao na wenzao zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika. Kina mama walitoka na watoto mgongoni, mchana kweupe. Ulimi ukichelewa ndiyo mtoto anafungiwa ndani. Arusi ya binamu yako ulimwacha nyumbani, ukasema ana mafua. Hakuwa na mafua.

Na kuna neno ulilisema kwa mkeo, kwamba kwetu hakuna mtu wa hivyo, auulize ukoo wake. Neno hilo litoe nyumbani mwako. La mama yako mdogo nimeshakusimulia.

Lakini sikuoni mbaya. Nimekuona ukimtazama mtoto wa jirani, wa miaka miwili, anavyohesabu kuku na kukuamkia shikamoo. Ulikaza macho kwenye pikipiki kana kwamba mnyororo umekatika. Ulitamani uitwe baba na mwanao, hukuitwa. Hilo linauma, na sitakuambia lisikuume.

Nadhani unaogopa pia kwamba ataingizwa kwenye mashine. Niliwahi kumsindikiza jirani na mwanawe kwa mtaalamu wa matamshi. Binti mdogo tu, kakaa sakafuni, anaviringisha mpira. Anausukuma, anasema "mpira", kisha ananyamaza. Ananyamaza hasa! Nikajisemea, huyu analipwa kwa kucheza. Mpaka mtoto alipotoa "mpi", naye akapokea: "Mpira, mpira mkubwa." Hakumwambia "sema vizuri". Kisha akamgeukia mama, akamwambia kazi yenyewe ni ya nyumbani, kila siku, wakati wa kuoga, wakati wa kula. Yeye anaonyesha njia tu.

Wataalamu hao ni wachache, sikudanganyi. Makerere, Uganda, ndio walioanza kuwasomesha Afrika Mashariki, mwaka 2008. Jana tu hiyo. Huenda mkaanzia Bombo, Tanga, kwa masikio, kisha mkaambiwa Muhimbili. Ni mbali na ni nauli. Lakini Muhimbili hao hao tangu 2017 wanawapandikizia vifaa vya kusikia watoto ambao zamani tungewaita kama tulivyomwita mama yako mdogo.

Jambo jingine, mwache mama mkwe wako aseme Kizigua na mtoto. Nani kakuambia lugha mbili zinamfunga mtoto ulimi? Nenda hapo Chogo. Wazee wa Wazigua wa pale walichukuliwa utumwani mpaka Somalia karne ya kumi na tisa, wakakaa huko vizazi na vizazi, vita vya 1991 vikawatimua, wakarudi Handeni na Kizigua chao mdomoni. Bibi akimwimbia mtoto kwa Kizigua anamwongezea. Kinachompunguzia ni ile simu unayompa ili atulie. Katuni haimsubiri ajibu.

Shehe amemsomea dua, nashukuru. Ila Nabii Musa alipoomba fundo la ulimi wake lifunguliwe, aliomba na msaidizi pia, ndugu yake Haruni. Dua ilikwenda na mtu.

Ukifika leo usimwambie "sema". Kaa chini usawa wa macho yake, mshikie ndizi, sema "ndizi", kisha nyamaza uhesabu mpaka kumi. Utajiona mjinga. Hesabu hivyo hivyo. Akikunyooshea kidole tu, mpe, useme tena "ndizi".

Jumapili nitapanda gari nije nilale kwenu, Jumatatu alfajiri twende wote. Nauli yangu ninayo. Kama mpaka wakati huo hujaitoa hiyo karatasi, godoro nitaliinua mwenyewe, na haya magoti yangu.