Mwenye kutafuta nasaba apewe kiti, apewe na ukweli



Miaka michache iliyopita nilimsindikiza mzee mmoja kutoka Muscat hadi ofisi ya umma inayohifadhi hati za zamani, katika mji wa mwambao ambao sitautaja. Mzee huyu alizaliwa Unguja, akaondoka akiwa mtoto baada ya Mapinduzi ya 1964, na sasa alitaka kumjua mama wa babu yake. Tulikuta meza moja na viti vitatu, kimoja kibovu. Mzee alisimama karibu saa nzima. Kutia udhu, tulikwenda msikiti wa jirani.

Hati ilipoletwa ilikuwa ya wakfu, Kiarabu cha mkono. Karani hakuweza kuisoma na mzee macho yake ni dhaifu, basi nikaisoma mimi kwa sauti huku nikiifasiri. Mwenye nyumba ameiweka wakfu kwa suria wake, Mnyasa, na kizazi chake. Meza nzima ikasikia. Mzee akanishika mkono: "Maalim, hilo liache hapa hapa."

Wenye mamlaka wakizungumzia kuwaboreshea huduma wageni wa namna hii, huzungumzia utalii na dola. Sikatai, dola ni riziki. Lakini kwetu Waislamu suala hili ni la amana na la kuunga udugu. Mtume (S.A.W.) alihimiza watu wajifunze nasaba zao kiasi cha kuwawezesha kuunga udugu, na akakemea kujifaharisha kwa nasaba hizo hizo. Sasa mtu ataungaje udugu na jamaa asiowajua, hali karatasi inayowataja imefungiwa kabatini?

Je, mzee wangu alikuwa na haki ya kuliacha lile jambo pale pale? Nimelifikiria sana. Naona alikuwa na haki ya sitara mbele ya wale wanafunzi waliokaa mezani, na hapo mimi mwenyewe nilikosea. Lakini juu ya hati yenyewe hana haki ya kuifunika. Yule bibi naye alikuwa na kwao, na huenda wajukuu wa ndugu zake nao wanamtafuta.

Tena aibu yenyewe inatoka wapi? Katika sharia mtoto wa suria ni huru, nasaba yake ni ya baba yake, naye ni sawa na ndugu zake waliozaliwa na mke. Bibi Hajar, mama yake Nabii Ismail (A.S.), alikuwa mjakazi. Aibu hii tumeitunga sisi. Hata Waingereza, amri ya 1897 ilipoondoa utumwa kisheria Unguja na Pemba, masuria waliachwa nje yake mpaka 1909. Kwa hiyo bibi wengi wa familia zetu wamo katika karatasi kwa sifa hiyo, tupende tusipende.

Siku ile ile alikuja kijana wa mji huo huo, kwa daladala. Anamtafuta babu mkubwa aliyeachwa huru, na anachokijua ni jina moja tu, kama vile Feruzi au Mabruki, bila jina la baba. Akaambiwa alete barua ya chuo. Hana chuo, akarudi. Huyu naye ni mgeni wa nasaba, na pengine ndiye mwenye haja zaidi, kwani mwenzake ana shajara ya ukoo ukutani kwake.

Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani, zina hazina kubwa ya maandishi ya Kiarabu na karatasi za mabalozi wadogo na za serikali ya Kiingereza. Hazina ya namna hiyo, popote ilipo, inahitaji chumba kidogo cha pembeni ambamo mtu atasomewa habari za kwao bila kusikilizwa, orodha ya majina kwa Kiswahili, maji na mahali pa kuswali. Na inahitaji msomaji wa khati. Madrasa zetu zina vijana wanaosoma Kiarabu vizuri na hawana kazi. Wakifundishwa khati za zamani, kazi hiyo wanaiweza.

Mzee alirudi Muscat. Mwaka jana alinipigia simu, akaniuliza kama ile nyumba bado ipo, na nani anaishi ndani yake.