Swali la Tisa

Fomu yenyewe haikuwa ndefu. Kurasa mbili, maswali 11, kwa Kiingereza kama zilivyo fomu zetu nyingi, na kila baada ya miezi 6 tulikusanywa kwenye chumba cha mikutano tuijaze kimya kimya, kama watahiniwa. Una madeni yanayokushinda kulipa? Umewahi kushtakiwa? Unakunywa pombe kiasi gani? Umefiwa, umeachana na mwenza, unapata usingizi? Kuna mtu wa nje aliyekuomba sampuli au taarifa? Hayo nilikuwa nayapita haraka. Swali la tisa ndilo lililonifanya nishike kalamu bila kuandika: je, unafahamu jambo lolote kuhusu mfanyakazi mwenzako linaloweza kufanya uaminifu wake utiliwe shaka?

Maabara yetu ni ndogo. Ni ya mradi wa magonjwa yanayotoka kwa wanyama kuja kwa binadamu, na mimi niliingia pale kwa ajili ya tasnifu yangu ya shahada ya uzamili. Kwenye friza ya ndani kabisa, ile yenye kufuli mbili, tunatunza bakteria wa kimeta waliotokana na mizoga ya ng'ombe na wanyamapori. Mtu wa wilaya za wafugaji za kaskazini hahitaji kuelezwa kimeta ni nini. Ng'ombe aliyekuwa mzima asubuhi anaanguka, damu isiyoganda inamtoka puani, na wenye kujua hawamgusi. Spora zake zinabaki ardhini miaka na miaka, zikisubiri mnyama mwingine aje kula majani pale.

Ndiyo maana siku ya kwanza nilipoambiwa kwamba kabla ya kupewa ufunguo lazima nichunguzwe mimi, maisha yangu na madeni yangu, nilicheka. Kitu kimejaa mbugani bure, nani ahangaike kuja kukiiba kwetu? Afisa usalama wa maabara, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi, alisubiri nimalize kucheka. "Mwanangu," akasema, "kule kimo ndani ya udongo. Hapa kimo peke yake, kimekuzwa, kimehesabiwa, na jina lake tumeliandika juu ya kichupa."

Kuna kazi mbili hapo, na Kiswahili kinazitenganisha vizuri nikikiachia nafasi. Moja ni usalama: kumkinga mtu asidhuriwe na kimelea. Kwa hiyo kazi tuna glovu, barakoa, kabati la hewa na chanjo. Nyingine ni ulinzi: kukikinga kimelea kisichukuliwe na mtu. Kwa hiyo kazi ya pili hakuna glovu. Kuna kufuli, daftari, kanuni ya watu wawili, na ile fomu.

Fomu za aina hii zimetoka mbali. Mnamo Septemba na Oktoba 2001, wiki chache baada ya mashambulizi ya Septemba 11, barua zenye unga wa spora za kimeta zilitumwa Marekani kwa vyombo vya habari na kwa maseneta wawili. Watu 5 walikufa na 17 wakaugua. Kati ya waliokufa, wawili walikuwa wafanyakazi wa posta wa Washington, watu waliokuwa kazini kwao wakichambua barua za wengine. Nchi nzima ilikuwa ikitazama nje, ikimtafuta adui wa mbali. Lakini bakteria waliokutwa kwenye zile barua walikuwa wa aina ya Ames, aina inayotumiwa na watafiti maabarani. Macho yakarudi ndani.

Yaliporudi, yalimwangukia kwanza mtu asiyehusika. Steven Hatfill, daktari aliyewahi kufanya kazi katika taasisi ya utafiti ya jeshi huko Fort Detrick, alitajwa hadharani mwaka 2002 na Mwanasheria Mkuu wa serikali kuwa ni mtu anayefuatiliwa. Wapelelezi walimfuata kwa magari kiasi kwamba mwaka 2003 gari lao mojawapo lilimkanyaga mguu, na faini ya barabarani akaandikiwa yeye. Mwaka 2008 serikali ilikubali kumlipa fidia ya karibu dola milioni 5.8.

Mwaka huohuo, mwezi Julai, mtaalamu mwingine wa taasisi ileile, Bruce Ivins, alijiua wakati waendesha mashtaka wakijiandaa kumshtaki. Alikuwa bingwa wa chanjo ya kimeta, mtu aliyepewa nishani ya utumishi, na zile barua zilipopatikana alikuwa miongoni mwa walioombwa kusaidia kuzichunguza. Serikali ilifunga kesi mwaka 2010 ikisema alitenda peke yake. Hakufikishwa mahakamani, na jopo la wanasayansi la mwaka 2011 lilisema ushahidi wa kimaabara pekee hautoshi kuthibitisha spora zile zilitoka wapi. Kwa hiyo simwiti muuaji. Ninachorudia kukisoma ni kitu kingine: mwaka 2000, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya barua, mtu huyu alikuwa akimwandikia mwenzake wa zamani barua pepe kwamba akili yake haimtii, kwamba anapatwa na mawazo ya kudhani watu wanamwinda, na kwamba anaogopa. Alisema. Alikuwa anaonana na washauri wa afya ya akili. Na kadi yake ya mlangoni iliendelea kufungua milango, hata usiku, hata akiwa peke yake.

Ukisoma hilo tu, utaipenda fomu. Utaona swali la tisa limechelewa kuja duniani.

Lakini kuna kesi nyingine, na hii ina mkono wa kwetu. Thomas Butler alikuwa profesa huko Texas, mtafiti wa tauni wa miaka mingi. Alishirikiana na madaktari wa Tanzania kupima dawa mbili za tauni kwa wagonjwa wetu, kwani tauni kwa watu wa milima ya Usambara haikuwa habari ya vitabuni. Mwaka 2002 alisafiri na sampuli kutoka huku kwenda kwao. Januari 2003 akahesabu vichupa vyake, akaona 30 havipo, akaripoti. Yeye mwenyewe ndiye aliyeripoti. Makumi ya wapelelezi wakashuka mjini kwao, akahojiwa, akakamatwa. Alipofikishwa mahakamani alikabiliwa na makosa 69. Baraza la mahakama lilimwachia katika mengi yaliyohusu tauni yenyewe. Makosa 47 aliyopatikana nayo karibu yote yalikuwa ya mikataba na fedha za utafiti, pamoja na matatu ya kurudisha sampuli Tanzania kwa kifurushi bila kibali sahihi. Alifungwa miaka 2. Matokeo ya lile jaribio la dawa yalichapishwa mwaka 2006, mtafiti wa Tanzania akiwa wa kwanza kwenye orodha ya waandishi, na dawa zote mbili zilionekana kufaa.

Sisemi Butler hakuwa na makosa. Nasema kila mtu mwenye daftari la vichupa aliisikia kesi ile, na sidhani kama wengi walijifunza kuhesabu vizuri zaidi. Nadhani walijifunza kunyamaza.

Sasa nimfikie mwenzangu.

Kanuni ya watu wawili ina maana kwamba ile friza haifunguliwi na mtu mmoja. Mnaingia wawili, mnahesabu wawili, mnasaini wawili. Mwenzangu alikuwa kaka mmoja aliyenitangulia mwaka mmoja, mtaratibu, mwenye mwandiko mzuri kuliko wetu sote. Siku moja simu yangu iliingia ujumbe kutoka namba nisiyoijua, ukimtaja kwa majina matatu, ukisema amekimbia deni, kwamba ni tapeli, na kwamba mimi nimeorodheshwa kama mdhamini wake. Wanaokopa kwenye zile programu za mikopo ya simu wanaujua mchezo: unaporuhusu programu isome orodha ya namba zako, umeweka rehani aibu yako. Ujumbe ule ulikuwa umetumwa kwa wengi. Wadai wake nao walikuwa na namna yao ya kufuatilia uaminifu wa watu.

Kumbe mama yake alikuwa amelazwa miezi mitatu. Hilo sikulijua, ingawa nilikuwa nasimama naye bega kwa bega mbele ya friza kila wiki.

Jumatatu iliyofuata tulihesabu vichupa 83. Daftari lilisema 84. Tulihesabu tena. Mtu asiyewahi kuhesabu kimeta hajui dakika zile. Kile kichupa tulikipata baada ya dakika 40, kwenye sanduku la pembeni, kimewekwa Ijumaa kwa mwandiko wake ule mzuri. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Dada," akaniambia, "kimepatikana. Tusiandike."

Utaratibu unasema andika hata kikipatikana. Sikuandika. Nilisaini 84.

Wiki mbili baadaye ilikuja fomu. Niliwaza sana juu ya lile swali la tisa. Nilikuwa nafahamu jambo? Nilifahamu deni, na deni limo kwenye orodha kwa sababu ya haki kabisa: mwenye deni hununulika. Nilifahamu kichupa. Nilifahamu usingizi wake. Ukiyapanga hayo matatu kwenye karatasi, unamwona mtu wa hatari. Ukimtazama yeye, unamwona mtoto anayeuguza mama yake. Na sikuwa na hakika, na hata leo sina, kwamba hao ni watu wawili tofauti. Sikuandika chochote pale. Ila nilimfuata nje nikamwambia: kaka, sema mwenyewe. Ukisema mwenyewe watakuelewa.

Mtaani kwetu mtu anayepeleka habari za wenzake anaitwa mnoko, na hakuna anayetaka jina hilo. Nilijiona nimepita njia safi: sikumchoma, wala sikumficha. Nilimwachia aiseme kweli yake.

Akaisema. Wakubwa walimsikiliza vizuri, wakamshukuru kwa ujasiri wake, na baada ya siku chache kadi yake ikafungwa. Kwa muda, wakasema, kwa manufaa yake. Kadi ilipofungwa posho nayo ikakatika, kwa kuwa posho ilifuata saa za maabara. Deni halikukatika. Muhula ulipoisha hakurudi. Sasa anafundisha tuisheni ya baiolojia, na tukizungumza kwenye simu hatuzungumzii maabara.

Nimejaribu kuwalaumu wakubwa na nimeshindwa kuwalaumu moja kwa moja. Wangefanya nini? Nawafikiria wale wafanyakazi wawili wa posta. Hakuna aliyewauliza kama wako tayari kubeba matokeo ya huruma ya mtu mwingine. Huwezi kumwachia mtu ufunguo wa kimeta kwa kuwa unamwonea huruma. Lakini kati ya kumwachia ufunguo na kumwachia njaa kulikuwa na nafasi pana, na hakuna aliyeiangalia. Angeweza kuwekwa kwenye kazi ya takwimu akaendelea kulipwa. Fomu iliuliza kama ana deni. Haikuwa na mstari wa kuuliza ni shilingi ngapi, na nani anaweza kusaidia.

Babu yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi, na nilikua nikisikia watu wakimsema kwamba anajua mambo ya kila nyumba. Ni kweli, alijua. Alijua nani kalaza mgeni, nani hajalala kwake. Ni ulinzi ule, na sitaupamba, ulikuwa na ubaya wake. Lakini mtu akifiwa usiku, mlango wa kwanza kugongwa ulikuwa wa babu, na yeye ndiye aliyepita na daftari la michango. Daftari la kujua na daftari la michango lilikuwa moja.

Bodi iliyoishauri serikali ya Marekani kuhusu mambo haya ilisema mwaka 2009 kwamba hakuna haja ya kuanzisha mpango mkubwa wa kitaifa wa kupima uaminifu wa watafiti, na kwamba ni bora kujenga utamaduni wa kuwajibika ndani ya maabara zenyewe. Miaka mitatu baadaye kanuni zikaja hata hivyo, zikitaka wanaogusa vimelea vya hatari zaidi wapimwe kabla ya kuingia na waendelee kufuatiliwa. Nawaelewa pande zote mbili. Ila utamaduni nao hujifunzwa kwa mifano, na mfano tuliopewa sisi ulikuwa kadi iliyofungwa.

Tangu mwenzangu aondoke, silali vizuri. Si kitu kikubwa. Naamka saa tisa usiku nikihesabu, nafika 83, naanza upya. Fomu ya mwezi uliopita iliuliza, kama kawaida, kama nina tatizo la usingizi. Chumba kilikuwa kimya. Mwenzangu mpya, binti mdogo mwenye bidii, alikuwa kiti cha pili, na nilimwona amefika swali la tisa ameinua macho kunitazama kidogo.

Niliandika "Hapana" sehemu zote 11, nikasaini. Naye akasaini pembeni kama shahidi, tukaenda kuhesabu.