Mlangoni pa Shule



Kwa taratibu ya zamani ya Kitabu cha Sala, Injili ya Jumapili ya kwanza baada ya Epifania ni Luka 2.41-52, habari za Bwana wetu alipokuwa na miaka kumi na miwili, akabaki Yerusalemu hali wazazi wake hawana habari. Kwetu Tanzania somo hilo huangukia Januari, shule zinapofunguliwa na kina mama wanapozunguka madukani kutafuta sare na madaftari. Basi mwezi huu tulitazame kama somo la wazazi wanaokwenda shuleni.

Maana Hekaluni siku ile palikuwa kama darasa. Walimu wapo, mtoto ameketi katikati yao, asikiliza, auliza. Mara watokea baba na mama, wamechoka kwa kutafuta, wana uchungu moyoni. Wangeweza kuwageukia wale wazee na kusema, "Mmekaa na mtoto wetu wala hamkuuliza ni wa nani!" Nani angewalaumu? Lakini Luka haandiki neno hata moja la ukali kwa walimu. Mama Maria alisema na mwanawe, akamwuliza sababu, akamweleza jinsi walivyoteseka. Akapewa jibu wasilolielewa, wala hakulitupa, aliliweka moyoni.

Sasa tutazame kwetu. Mzazi asikia mtoto wake amechapwa. Aacha jembe, au afunga duka, apita ofisi ya mwalimu mkuu bila hodi, aingia moja kwa moja darasani. Watoto sabini wasimama kumwamkia, maana wamefundishwa kumwamkia mgeni. Yeye haitikii. Amwambia mwalimu maneno yasiyoandikika katika gazeti la kanisa. Mtazameni mtoto wake wakati huo: ameinamisha uso juu ya dawati. Baba alikuja kumtetea, na tangu siku ile wenzake watamtania kwa matusi ya baba yake. Kesho atakaa tena mbele ya mwalimu yule yule, na baba hatakuwapo.

Sisemi mzazi anyamaze. Wako wahubiri wanaofundisha kwamba upole ni kuvumilia kila jambo, nami sikubaliani nao. Kanuni za Serikali za mwaka 2002 zasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na adhabu iandikwe katika kitabu. Basi mzazi ana haki ya kuuliza: ni nani aliyetoa idhini? Vilikuwa vingapi? Kitabu kiko wapi? Maswali hayo yakiulizwa ofisini, kwa sauti ya chini, baada ya salamu, yana nguvu kuliko makelele yote ya darasani, maana mwalimu aliyevunja kanuni hana pa kujificha. Ndiyo njia aliyotuonyesha Bwana katika Mathayo 18: kwanza ninyi wawili peke yenu, kisha mashahidi, kisha kusanyiko. Kwa shule ni mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule, kisha Afisa Elimu Kata. Ni njia ndefu, najua.

Ila liko jambo lisilongoja ngazi hizo. Mtoto akijeruhiwa, au akitendewa aibu mwilini mwake, na mwalimu, au jamaa, au hata mtumishi wa kanisa, msikae kikao cha kusuluhishana wala msipokee mbuzi. Nendeni polisi siku hiyo hiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humtaka kila mtu katika jamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mahali pake. Anayenyamaza ili kulinda jina la shule amependa matofali kuliko mtoto.

Na kwa kuwa nimetaja matofali: katika parokia nyingi shule iko jirani na kanisa, maana ilijengwa na misheni. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule hizo zikawa chini ya Serikali, lakini bado wako wanaopita uwanjani wakati wa masomo kama wapitao shambani kwao, wakiita mtoto dirishani akachote maji au akachunge mbuzi. Ukiwauliza husema, "Babu zetu ndio waliochoma matofali haya." Kweli walichoma, tena kwa jasho, ili mtoto akae ndani afundishwe. Viongozi wa kwaya nao wasikie: mazoezi ni baada ya kengele ya mwisho.

Wageni wa parokia tunaowapeleka shuleni tuwafikishe kwanza ofisini, watie sahihi katika kitabu cha wageni. Wasigawe pipi dirishani wakati wa hesabu, wala wasiwapige watoto picha kwa simu bila ruhusa ya mwalimu mkuu na wazazi. Aliyekunywa pombe asifike kabisa, hata kama ni mjumbe wa kamati.

Lakini kosa kubwa kuliko yote haya ni kutofika. Tangu ada ilipoondolewa katika shule za Serikali, wako waliodhani wajibu wao nao umeondolewa. Mkutano wa wazazi ukiitishwa huja kina mama, na mabibi wanaolea wajukuu, huketi nyuma wakinyamaza; akina baba husubiri nyumbani waletewe habari, kisha hukasirika kwamba hazikuelezwa vizuri. Luka asema walikwenda wote wawili. Barua ya mkutano huletwa na mtoto mwenyewe, mara nyingi imekunjwa chini ya madaftari. Fungueni mifuko yao kila Ijumaa mwitafute.