Meza ya Wanaolala Barazani

Masomo: Matendo ya Mitume 6:1-7, 1 Wafalme 17:8-16





Katika mkutano wa mwisho wa jumuiya ndogo ndogo, vijana wetu walileta ombi. Wanaomba kila familia yenye uwezo iweke kando kikombe kimoja cha mahindi au maharagwe kila mwezi. Watapika, halafu watakipeleka chakula hicho Mbarara mjini na kuwagawia watu wanaolala kwenye baraza za maduka na pembeni ya soko. Hawaombi malipo yoyote. Ombi hilo limeleta maneno mengi. Wengine wamefurahi. Wengine wamesema wazi: "Sisi wenyewe ni watu wa kupewa. Tangu lini mkimbizi akamlisha mwenye nchi?" Swali hilo si dogo. Tumeona vema lijibiwe kwa Neno la Mungu, si kwa hasira.

1. Njaa yetu si ya kuficha

Hatutaanza kwa kuwakemea wanaolalamika. Tangu Julai 2023 wakimbizi wa Uganda waligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipata asilimia 60 ya mgao, la pili asilimia 30, na la tatu halikupata kitu. Mwezi Mei 2025 watu wapatao milioni 1 waliondolewa kwenye orodha ya chakula. Kila nyumba hapa inajua maana ya tarakimu hizo. Sufuria imekuwa ndogo, na watoto wamejifunza kulala mapema. Mtu anayesema hana cha kutoa huenda anasema kweli, na Mungu hamdai mtu kile asichokuwa nacho. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinto jambo hilo hilo alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu (2 Wakorinto 8:12).

Lakini katika sura hiyo hiyo Paulo anawasimulia habari za makanisa ya Makedonia. Walikuwa maskini kabisa, tena wamepitia mateso. Yeye hakuwasukuma watoe. Wao ndio waliomwomba, tena kwa bidii, wapewe nafasi ya kushiriki. Kwa nini mtu maskini aombe ruhusa ya kutoa? Kwa sababu alijua kwamba mtu wa kupokea tu, mwaka hadi mwaka, huanza kujiona kama mzigo. Umaskini ulikuwa umewanyima Wamakedonia mambo mengi, lakini hawakukubali uwanyime na hilo la kuwa ndugu kwa mwingine. Vijana wetu, wengi wao waliozaliwa au kukulia hapa katika foleni ya mgao, wanaomba kitu kile kile.

2. Eliya naye alikuwa mkimbizi

Tumezoea kumwita Eliya nabii. Tukumbuke pia kwamba alipofika Sarepta alikuwa mtu aliyekimbia. Mfalme alimtafuta, ukame ulikuwa umekausha kijito alichokunywa, naye akavuka mpaka na kuingia nchi ya Sidoni isiyokuwa yake. Langoni mwa mji akakuta mjane anaokota kuni. Mjane huyo alikuwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo. Alikusudia kupika kwa ajili yake na mwanawe, kisha wangojee kifo. Eliya akamwomba kipande kidogo.

Katika habari hiyo mwenyeji maskini alimlisha mgeni maskini. Nasi tumeyaona hayo kwa macho yetu. Tulipovuka mpaka, wengi wetu tulipewa kiwanja cha kujenga na kipande cha kulima. Majirani wa vijiji vilivyotuzunguka hawakuwa matajiri, lakini wapo waliotuuzia kwa mkopo, waliotuazima jembe, waliotupa mbegu. Leo baadhi ya wana wa nchi hiyo wanalala nje. Tunaweza kuwapelekea sahani bila kujifanya wakubwa wao. Tunakwenda kama watu waliokula Sarepta na hawajasahau ladha ya ule mkate.

Tena, tusidhani wote wanaolala barazani ni wenyeji. Miongoni mwao wamo watu wetu. Mgao wa chakula hutolewa makazini, si mjini. Anayeondoka hapa kwenda kutafuta kibarua, akiugua au akikosa kazi, hubaki mikono mitupu. Tukifika pale usiku tusishangae kusikia mtu anaitikia kwa Kiswahili cha kwetu.

3. Mashahidi walitoka kwenye meza

Somo la Matendo ya Mitume linaanza na ugomvi wa mgao. Hilo peke yake litutie moyo, kwa maana hata Kanisa la kwanza lilipata ugomvi huo. Wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki, watu waliokulia nchi za mbali, walikuwa wanasahaulika katika huduma ya kila siku. Wajane wa Kiebrania walipata. Lugha ilikuwa imeingia ndani ya chungu.

Angalieni Mitume walivyofanya. Hawakusema kwamba chakula ni jambo dogo. Waliitisha mkutano, na watu saba wakachaguliwa, wenye sifa njema na waliojaa Roho. Someni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao wa Antiokia. Yote saba ni majina ya Kigiriki. Kanisa liliukabidhi ufunguo wa ghala kwa upande ule uliokuwa unalia. Sisi tunaoishi hapa Wakongo, Wanyarwanda, Warundi na wengine, tungefanya vema kuusoma mstari huo polepole.

Na Stefano alifikia wapi? Sura ya saba inatuambia alipigwa mawe. Shahidi wa kwanza wa Kanisa alikuwa mtu aliyewekwa kuangalia meza ya chakula.

Karibu na siku zetu, katika nchi ambayo wengi wetu tumetoka, Mungu ametupa mwingine. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alipokuwa mwanafunzi alijiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio, iliyoanzishwa na wanafunzi mjini Roma mwaka 1968. Mjini Goma jumuiya hiyo ilikuwa na Shule ya Amani kwa ajili ya watoto wa barabarani, wale tunaowaita maibobo. Floribert alikuwa nao. Aliwafundisha, alikula nao, aliwasaidia warudi shuleni. Hakulipwa kwa kazi hiyo.

Baadaye alipata kazi serikalini, katika ofisi inayokagua bidhaa mpakani. Kazi yake ilikuwa kupima mizigo iliyoharibika. Ukaja mchele mbovu. Wenye mzigo wakamletea pesa ili aupitishe. Akakataa. Wakamtisha. Akakataa tena. Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 26. Papa Fransisko aliwasimulia vijana habari zake katika uwanja wa Kinshasa tarehe 2 Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 akatangazwa Mwenyeheri katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, Roma.

Ndugu, tujiulize: ule mchele ungeliwa na nani? Chakula kibovu huuzwa rahisi, na chakula rahisi hufika kwenye sahani ya maskini. Huenda ungefika mikononi mwa wale wale maibobo. Floribert hakuweza kumpa mtoto chakula Jumapili na kumtilia sahihi ya sumu Jumatatu. Kwake, upendo wa meza na uaminifu wa ofisini ulikuwa kitu kimoja.

Hapa ndipo Neno linatugusa sisi. Katikati yetu wapo wanaopima kwa kikombe, wanaoandika orodha, wanaotunza ghala, wanaouza unga sokoni. Tukipika chungu cha mjini huku tunampunja mjane wa mtaa wetu, Mungu hatakipokea chungu hicho. Sadaka ya kwanza ni kipimo kilichojaa.

4. Ana jina

Mjini Roma, karibu na kituo kikubwa cha treni cha Termini, aliishi mama mzee aliyeitwa Modesta Valenti. Hakuwa na nyumba. Tarehe 31 Januari 1983 aliugua pale njiani. Gari la wagonjwa likaja, lakini wahudumu hawakutaka kumpakia kwa sababu alikuwa mchafu na ana chawa. Akakaa akingoja saa nyingi, akafa. Ndugu wa Sant'Egidio hawakukubali afe mara ya pili kwa kusahauliwa. Kila mwaka humwombea kwa jina lake, pamoja na majina ya wengine waliokufa barabarani. Hata mji wa Roma umeweka anwani yenye jina lake, ili wasio na nyumba waweze kuandikishwa kama wakazi na kupata haki zao.

Sisi tunajua maana ya kuitwa namba. Tunajua maana ya kukosa karatasi. Kwa hiyo mtu yeyote wa kwetu anayekwenda mjini na sahani asimpe mtu chakula kabla ya kumwuliza jina lake na kumwambia la kwake. Katika Injili ya Mathayo sura ya 25 Bwana anasema kwamba yeye mwenyewe ndiye yule mwenye njaa. Basi tusimpite Bwana bila kumsalimu.

5. Utaratibu tuliokubaliana

Baada ya kusali na kushauriana, ombi la vijana tumelikubali, kwa utaratibu ufuatao:

- Kinachokusanywa kitaanzia hapa. Wazee wanaoishi peke yao na wagonjwa wa mitaa yetu watapewa kwanza. Kinachobaki kitakwenda mjini, hata kikiwa sufuria moja.

- Familia isiyo na kitu haidaiwi, wala jina lake halitasomwa. Anayetaka anaweza kutoa kuni, kuchota maji au kuosha vyombo.

- Asilete mtu kitu ambacho mwenyewe hawezi kula. Mahindi yaliyoota ukungu yatupwe, yasitolewe sadaka.

- Vijana wasiende bila mtu mzima. Kila mmoja abebe kitambulisho chake. Viongozi wa mtaa na parokia ya huko wajulishwe kabla.

- Hakuna kupiga picha za watu wakila. Hakuna kumwuliza mtu kabila lake wala dhehebu lake.

- Tusiwaahidi watoto mambo tusiyoyaweza, wala tusimchukue mtoto kutoka barabarani kwa uamuzi wetu. Mtoto anayehitaji ulinzi apelekwe kwa ofisi ya ustawi wa jamii.

- Tukisema tutarudi mwezi ujao, turudi.

Tunajua sufuria moja haitaumaliza umaskini wa mji. Asubuhi yake wale watu watakuwa na njaa tena, kama sisi. Lakini mjane wa Sarepta hakuumaliza ukame. Alioka mkate mmoja mdogo, na unga wake haukuisha mpaka mvua iliponyesha. Hatuwaahidi kwamba mapipa yetu yatajaa. Tunaamini tu kwamba aliyetulisha njiani tangu tulipokimbia hajachoka.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Ni nani aliyetupa chakula siku ya kwanza tulipofika katika nchi hii? Watoto wanaijua habari yake?

2. Katika mtaa wetu, ni nani anayesahaulika wakati wa kugawa?

3. Familia yetu inaweza kutoa nini: kikombe, kuni, au saa moja ya mikono?

Tuombe: Ee Bwana, wewe ulikimbilia Misri ukiwa mtoto, unajua baridi ya ugenini. Utupe kipimo cha haki hapa nyumbani, na macho ya kumtambua ndugu yetu barazani. Uwalinde wanaolala nje usiku huu, hapa, Goma, na kila mji. Uwape amani wale tuliowaacha nyuma. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.