Mnyama anayedungwa maradhi maabara ana haki gani kwetu?

Wanaokumbuka mwaka 2007 wanajua ilivyokuwa pale nyama ilipogeuka kitu cha kutiliwa shaka. Homa ya Bonde la Ufa, iliyolipuka Kenya mwishoni mwa 2006, iliingia nchini na mkoa wetu wa Iringa haukusalimika. Waliofariki Tanzania walizidi 100. Bucha zilikosa wateja. Mchinjaji ndiye aliyekuwa jirani zaidi na hatari, kwani kirusi hiki huenezwa na mbu na pia hupatikana kwa kushika damu ya mnyama mgonjwa.

Sasa wapo ndugu hapa Mlandege wanaouliza: je, inafaa kumchukua kondoo mzima, kumdunga homa hiyo kwa makusudi na kumtazama akifa, ili watu wajifunze? Jibu la haraka ni kwamba ikiwa tumeruhusiwa kumchinja, sembuse kumfanyia utafiti! Hoja hiyo ina walakini. Mtume (s.a.w.) ameagiza kisu kinolewe na mnyama apumzishwe, na amekataza kiumbe hai kufanywa shabaha. Kuchinja ni suala la dakika. Homa ni mateso ya muda, na ruhusa ya hili haiwi moja kwa moja ruhusa ya lile.

Lakini anayekataa kabisa naye ajiulize chanjo hutoka wapi. Karibu na Naivasha, mwaka 1930, Daubney na wenzake waliwadunga kondoo damu ya kondoo wagonjwa, ndipo kirusi kikatambuliwa. Mwaka 1944 virusi hivyo vilipatikana kwa mbu wa msitu wa Semliki, Uganda, na Smithburn akavipitisha mara nyingi katika bongo za panya hadi vikapungua makali. Ikapatikana chanjo ya mifugo, ingawa huweza kuharibu mimba. Waliokingwa nayo ni kondoo na ng'ombe wenyewe, jambo ambalo wapinzani hulisahau.

Kwa hiyo naona inafaa kwa dharura, na dharura hupimwa kwa kadiri yake: isiwepo njia nyingine, wanyama wawe wachache, na asiyetarajiwa kupona asiachwe agaragare ili daftari lijae.

Lipo sharti jingine lisilotajwa sana. Matokeo yatumike. Chanjo ile ilikuwepo zaidi ya nusu karne kabla ya 2007, lakini mifugo yetu ilichanjwa kwa wingi ugonjwa ukiwa umeshaingia. Mwaka 2005 wanasayansi walitangaza chanjo ya majaribio iliyowakinga tumbili dhidi ya Marburg. Mwaka 2023 Marburg ikaua watu 6 Kagera, na mwaka 2025 ikarudi wilayani Biharamulo ikaua 10. Hakukuwa na chanjo iliyoidhinishwa ya kuwapa.

Tunaambiwa ugonjwa wa nadra, tena wa maskini, hauna soko. Sawa, lakini tumbili walishateswa kwa jina la uhai wa binadamu. Anayeyafungia matokeo kabatini kwa kukosa faida ameyabakisha mateso na kuiondoa sababu iliyoyahalalisha, na swali la ndugu zetu wa Mlandege linamhusu yeye kuliko aliyeshika sindano.