Hita Ikivuja, Nani Anunue Umeme?

Umeme ukikatika saa mbili usiku katika kipangu (ua wa nyumba za kupanga) chenye kaya tatu na kashipawa moja, hakuna anayewaza waya wala mtambo. Kila mmoja anamwaza jirani yake. Nani amepiga pasi leo? Nani ana friji? Nani anapikia resho akiwa amejifungia? Watu walioazimana chumvi asubuhi wanasimama uani gizani, simu mkononi, wakihesabiana zamu za kununua yuniti.

Kashipawa ni mita yetu ya kulipia kabla hapa Rwanda, ndugu ya LUKU ya Tanzania. Huweki fedha, huwashi taa. Mita hii imeondoa ugomvi wa zamani kati ya mteja na shirika la umeme, maana hakuna tena ankara ya kubishania mwisho wa mwezi. Ugomvi wenyewe haukufa. Umehamia ndani ya kipangu, kati ya mpangaji na mpangaji, na kati ya wapangaji wote na mwenye nyumba.

Mfano ninao Nyamyumba, sekta ya wilaya ya Rubavu, kusini ya mji wa Gisenyi, kando ya ziwa Kivu. Hapa ndipo kilipo kiwanda cha bia cha Bralirwa, kilichoanzishwa mwaka 1957. Hapa ndipo maji ya moto yanapochemka yenyewe kutoka ardhini, watu wakaja kuloweka miguu na viungo vinavyouma. Mto Sebeya unaoteremkia huku unafua umeme katika mitambo ya Gihira na Keya. Kwa wingi wa nguvu zinazotoka katika ardhi na maji ya eneo hili, mgeni angedhani umeme ndio kitu cha mwisho cha kugombaniwa. Lakini vyumba ni vichache kuliko wanaovitaka. Walimu, wauguzi, vibarua, wavuvi, wachuuzi wanaovuka mpaka kwenda Goma na kurudi, wote wanatafuta pa kulala. Mwezi Mei 2021, baada ya volkeno ya Nyiragongo kulipuka, mitetemeko ilipasua kuta nyingi Rubavu. Mei 2023 Sebeya ulifurika na kubomoa nyumba, katika mafuriko na maporomoko yaliyoua watu zaidi ya 130 nchini. Kila janga la namna hiyo huongeza watu wanaotafuta chumba na kupunguza vyumba vyenyewe. Mpangaji aliyepata pa kujibanza hujifunza kunyamaza.

Kipangu ninachokisimulia nakijua kwa sababu mmoja wa wapangaji wake ni mtu wa kwetu. Nyumba kubwa mbele ilikuwa na familia ya mwalimu. Nyuma kulikuwa na vyumba viwili: kimoja cha kijana anayefanya kazi za mizigo, kingine cha mama fundi cherehani anayelea watoto wawili. Kashipawa ni moja, nayo iko ukutani mwa nyumba kubwa. Waliafikiana kununua kwa zamu, kiasi kile kile kila mmoja. Kwa miezi mingi mambo yalikwenda. Kisha yuniti zilizokuwa zikitosha wiki nzima zikawa zinakwisha kwa siku tatu.

Macho yote yakamgeukia mama wa cherehani, kwa kuwa mashine yake ilikuwa ya umeme. Hakuna aliyejisumbua kujua kwamba mota ndogo ya cherehani hula umeme kidogo sana ukilinganisha na pasi, na kwamba hita ya maji ya kawaida, ya wati 1,500, hula mara kumi na zaidi ya mashine hiyo. Walimsikia akishona usiku, wakatosheka kwamba mwizi amepatikana. Akaanza kulipa zaidi ya wenzake. Bado yuniti zikaisha. Akaacha kushona usiku, na hapo hapo akaanza kupoteza wateja waliotaka nguo za harusi za Jumamosi. Bado zikaisha.

Alimpigia mwenye nyumba, anayeishi mjini na kupokea kodi kwa simu. “Mama, shikamoo. Umeme unapotea hapa nyumbani, tunaomba utuletee fundi.” Akajibiwa, “Mwanangu, umeme mnautumia ninyi. Mimi nimewapa nyumba.” Simu ikakatwa. Mwezi uliofuata mama wa cherehani akahama.

Kama kweli mwizi angekuwa yeye, umeme ungetulia baada ya kuondoka kwake. Haukutulia. Mwalimu na kijana wa mizigo wakachangia fedha wakamwita fundi wao wenyewe, na siku hiyo nami nilikuwapo. Fundi hakufungua kitu. Alizima kila swichi, akachomoa kila kilichochomekwa, kisha akavuta kigoda akakaa mbele ya kashipawa. Mita hizi zina kitaa chekundu kinachopepesa kadiri umeme unavyopita. Kwenye ile pameandikwa kwamba mipepeso 1,000 ni yuniti moja. Kitaa kilikuwa kimetulia. Tukangoja. Mwalimu akaanza kusema labda mita ndiyo mbovu. Kisha, hakuna aliyegusa kitu, kitaa kikaanza kupepesa: mara moja, mara nyingine, kila baada ya sekunde mbili na ushee. Fundi akapiga hesabu kwa simu yake akasema, “Hiki ni kitu cha wati elfu moja na mia tano. Mna hita?”

Walikuwa nayo, bafuni, juu karibu na dari. Waliamini imekufa miaka mingi iliyopita kwa sababu bomba lake la maji ya moto bafuni lilikuwa limeziba. Swichi yake iliungua zamani, na fundi fulani wa wakati huo, badala ya kuweka nyingine, aliunga waya moja kwa moja. Hita ilikuwa hai. Tawi la bomba lake lilipita chini ya sakafu kwenda kwenye jiko la uani lililokwisha kubomolewa, na huko mwisho wake, nyuma ya rundo la matofali, kulikuwa na koki iliyooza kwa kutu. Ilikuwa ikitoa kijiti cha maji chembamba kama uzi wa katani, kikiingia moja kwa moja mferejini. Nikayagusa. Yalikuwa na uvuguvugu.

Kijana wa mizigo akaweka dumu la lita 20 chini yake. Lilijaa kwa saa tatu na robo hivi, yaani madumu saba kwa siku, na kila dumu limepashwa moto. Kupasha maji ya kiasi hicho ni yuniti sita hivi kila siku, yuniti 180 kwa mwezi. Kwa bei iliyokuwapo wakati ule, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu yake, ni zaidi ya faranga 50,000 kwa mwezi, na hapo sijataja bili ya WASAC, shirika la maji. Kaya tatu zinazooga maji baridi ya ndoo zilikuwa zikiunguza fedha hizo mferejini, huku zikinuniana. Kizibo cha chuma na tepu ya mafundi vilimaliza kazi siku ile ile, kwa fedha isiyofika umeme wa siku chache za uvujaji.

Kinachoniumiza zaidi ni jinsi bei yenyewe inavyoongeza adhabu. RURA, mamlaka inayopanga bei, iliweka Januari 2020 ngazi tatu kwa umeme wa nyumbani: yuniti 15 za kwanza za mwezi faranga 89 kila moja, kutoka hapo hadi 50 faranga 212, na zinazozidi 50 faranga 249, kabla ya kodi. Nia yake ni njema: anayetumia kidogo alipe kidogo. Lakini mita haijui nyuma yake kuna kaya ngapi. Kwa bei hizo, kaya tatu zenye mita tatu, kila moja ikitumia yuniti 25, zingelipa jumla ya faranga 10,365. Zikiungana kwenye mita moja, yuniti zile zile 75 zingegharimu faranga 14,980. Maskini watatu wakikaa pamoja, mita inawaona tajiri mmoja. Na kila yuniti inayopotea kwa kifaa kibovu inaangukia ngazi ya juu kabisa. Oktoba 2025 bei zilibadilishwa, lakini mfumo wa ngazi umebaki. Tanzania wanaijua hali hii vizuri: wapangaji wengi wamenyimwa bei nafuu ya wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi kwa sababu tu LUKU yao ni ya watu wengi.

Huko huko Tanzania, tangu Agosti 2021, kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU. Mlipaji kisheria ni mwenye jengo, lakini kidole kinachonunua umeme ni cha mpangaji, na kurudishiwa fedha yake kunategemea maelewano yao wawili. Wenye maelewano hawana shida. Wasio nayo wanalipa kodi ya nyumba ya mtu mwingine na kukaa kimya, kama wapangaji wa Nyamyumba walivyolipia hita ya mtu mwingine.

Simchukii mwenye nyumba yule. Wenye nyumba wengi wa huku ni wajane, wastaafu na watu waliojenga kwa mkopo wa benki, tofali kwa tofali, na kodi ya vyumba viwili vya nyuma ndiyo karo ya wajukuu. Wamewahi kuachiwa vyumba vyenye vioo vilivyovunjwa na miezi mitatu isiyolipwa. Wamesikia “umeme unapotea” kutoka kwa wapangaji ambao kweli walikuwa na majiko mawili ya umeme chini ya kitanda. Na ni kweli pia kwamba friji ya mpangaji yenye mpira uliochanika ni mzigo wake mwenyewe, sawa na kifaa alichokivunja kwa mkono wake.

Lakini hita ile haikuwa ya mpangaji. Hakuichagua, hakuiunga, wala hakuwa na ruhusa ya kuing’oa. Wanazuoni wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, wanapoeleza masuala ya ijara, mkataba wa kukodi, husema matengenezo ambayo bila hayo nyumba haikaliki ipasavyo yako juu ya mwenye mali, na mpangaji hubeba kile alichokiharibu kwa mkono au uzembe wake; msingi wao ni kwamba anayekula faida ya kitu ndiye anayebeba dhima yake. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inakwenda njia hiyo hiyo: anayekodisha sehemu tu ya jengo ana wajibu wa kutunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu na mitambo inayotumiwa kwa pamoja. Msikiti na bunge wamekutana hapo, na mimi siioni sababu ya kipangu cha Nyamyumba kuwa na haki nyingine.

Naamini hivi: tangu dakika mwenye nyumba alipopigiwa simu, kila yuniti iliyopitia hita ile ilikuwa deni lake. Na hata kabla ya simu ile, kwa bomba lililofichwa chini ya sakafu yake, haikuwa haki hasara yote ibebwe na wasioweza kuliona wala kulifikia. Kutuma fundi wa kukaa saa moja mbele ya kitaa chekundu hakuhitaji kumwamini mpangaji kwa kila neno. Kunahitaji tu kukubali kwamba huenda anasema kweli.

Rwanda tuna abunzi, wasuluhishi wanaochaguliwa miongoni mwa wananchi na wasiolipwa mshahara, na kwa sheria ya mwaka 2016 madai ya mali yasiyozidi faranga milioni 3 hupita kwao kabla ya kufika mahakamani. Kesi ya hita inawafaa kabisa. Wapangaji wanaoijua njia hiyo ni wengi. Wanaoitumia dhidi ya mwenye nyumba ni wachache, kwa kuwa chumba unachokishtakia leo ndicho utakachotakiwa kukihama kesho. Mkataba wenyewe mara nyingi ni maneno ya mdomo. Ningependa kila anayeingia chumbani aandike, mbele ya mwenye nyumba, namba inayosomeka kwenye mita siku hiyo na orodha ya vifaa vilivyokuwamo, na wote wawili watie saini, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari la mtoto. Mita ndogo za kila chumba nazo husaidia kujua nani katumia nini, ingawa haziondoi adhabu ya ngazi. Dawa ya ngazi ni kila kaya kupata kashipawa yake kutoka EUCL, kampuni inayouza umeme, na hilo haliwezekani bila ridhaa ya mwenye nyumba.

Mwalimu alimpelekea mwenye nyumba picha ya koki na ya dumu lililojaa. Kwa haki yake niseme alistuka, akaomba radhi, na kodi ya mwezi uliofuata akaipunguza kwa wapangaji wawili waliobaki. Mama wa cherehani hakurudishiwa kitu. Alilipa zaidi ya wote, akaitwa mwizi, akapoteza wateja, na sasa anapanga upande wa pili wa kilima bila kujua kwamba kitaa chekundu kilimsafisha. Nilimuuliza mwalimu kama kuna aliyemwambia, akasema bado, hakuna mwenye namba yake. Mwenye nyumba anayo. Ndiyo iliyokuwa ikimtumia kodi kila mwezi, na kwa namba hiyo hiyo anaweza kumrudishia fedha zake leo jioni, kisha ampigie amwambie ni nani hasa aliyekuwa akila umeme.