Goti la Kaka Yangu

Umewahi kutafuna ncha ya mfupa wa kuku, pale palaini penye weupe unaoteleza? Hilo ndilo gegedu. Nawe unalo magotini. Likiwa zima hulikumbuki. Likimeguka, hata ngazi tatu za kibarazani zinageuka mlima.

Kaka yangu alikuwa mbeba magunia sokoni Tandale. Siku moja aliteleza na gunia la mahindi mgongoni, goti likapinda. Hospitali wakamwambia gegedu limemeguka. Akarudi nyumbani, akakaa. Mwezi wa tatu nikachoka kumwona amekaa. Nikamwambia, "Kaka, jikaze bwana. Mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe."

Akanitazama. "Sawa, mdogo wangu." Hakuongeza neno.

Jibu lile limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Je, nilimwambia kweli, au nilisema tu kwa kuwa kusema hakukunigharimu kitu?

Baadaye nikasoma habari za madaktari wa mji wa Göteborg, nchini Uswidi. Mwaka 1987 walianza kutengeneza gegedu la goti kwa seli za mgonjwa mwenyewe. Walichukua kipande kidogo cha gegedu zima, mahali pasipobeba uzito mkubwa. Wakazitenga seli zake, wakazikuza maabara wiki mbili hadi tatu, wakizilisha majimaji ya damu yake yeye mwenyewe. Zilipoongezeka, walilifungua goti, wakasafisha palipoharibika, wakapafunika kwa utando uliobanduliwa kwenye mfupa wa muundi wake, kisha wakazidunga seli chini ya utando huo.

Mwaka 1994 walitangaza matokeo ya wagonjwa 23. Kati ya 16 walioumia ncha ya chini ya mfupa wa paja, 14 walikuwa na hali nzuri au nzuri sana baada ya miaka miwili. Kati ya 7 walioumia kifuniko cha goti, ni 2 tu. Si muujiza, basi, na goti lililokwisha kabisa kwa uzee halitengenezwi hivyo.

Nilipofika hapo nikasema, haya sasa! Kesi nimeshinda. Seli zake, damu yake, utando wake. Kujitegemea gani tena kuliko huko?

Lakini hebu tujiulize: kama seli zilikuwa zake tangu mwanzo, mbona hazikujitengeneza zenyewe palepale gotini?

Sababu yake ndiyo iliyoninyang'anya ushindi. Gegedu halina mishipa ya damu. Mkono ukikatika ngozi, damu hukimbilia pale na vifaa vya kuzibia. Gegedu likimeguka, hakuna anayekuja. Tena seli zake ni chache, na kila moja imefungiwa katika kijumba chake kigumu, haiwezi kutoka kwenda kumsaidia jirani. Uhai zinao. Njia hazina. Kumbe gegedu ni mtaa ambao kila mtu amejifungia ndani na kusema: kila mtu na lake.

Wako watakaoniambia, "Ukimsaidia mtu kila siku utamfanya goigoi." Ni hoja, siipuuzi. Ila tazama msaada waliotoa wale madaktari. Hawakumpa mgonjwa goti la mtu. Walizipa seli zake mahali na chakula, zikaongezeka zenyewe. Naye mgonjwa alitoa chake: alikubali kukatwa penye uzima ili papone penye ubovu, kisha akatembelea magongo wiki kadhaa. Hapo mvivu ni nani?

Kwa hiyo methali niliyomtupia kaka si uongo, ila niliitumia vibaya. Nguvu zake ni mtaji, sawa. Lakini mtaji uliofungiwa chumbani hauzai. Kumwambia mtu ajitegemee huku mlango wake umefungwa kwa nje ni kumtukana kwa lugha ya adabu.

Matibabu yale yanataka upasuaji na maabara, gharama ambayo ukoo wetu mzima hauiwezi. Goti la kaka sitalitengeneza mimi. Lakini kaka anayajua mahindi. Akitafuna punje moja anakwambia kama gunia zima limekauka. Hiyo ndiyo seli yake iliyo hai. Anachokosa ni kizimba cha kuuzia na gunia la kwanza.

Nami nina shilingi 300,000, akiba ya kuchapisha muswada wa riwaya yangu. Miaka miwili nimejinyima kwa ajili yake. Nyinyi mnaoandika mnajua maana yake.

Jana nimempa nusu. Alizihesabu, akauliza, "Na kitabu chako je, mdogo wangu?"

Nikamwambia kitangoja. Usiku sikulala. Nilikuwa nikijiuliza kama nusu ile ilikuwa msaada, au ni njia yangu nyingine ya kumwambia ajikaze.